Pembe ya Kunywea ya Waviking, kwa Pembe za Ng'ombe Wetu



Kila ipitapo Idi ya Kuchinja, nyama hugawanywa mafungu yake, ngozi ikatolewa sadaka, matumbo yakatiwa chunguni, na pembe zikatupwa jaani. Wiki mbili baadaye paka na kunguru wameshazichoka, nazo zingali pale, kwa kuwa pembe haiozi upesi. Juma hili tumeazimia kuizungumzia pembe hiyo na kazi moja inayoweza kufanywa kwayo nyumbani: pembe ya kunywea, kwa mtindo wa Waviking, wale mabaharia wa Skandinavia ambao vijana wetu huwaona katika filamu wakiwa na ndevu ndefu na mashoka.

Tunajua kwamba baadhi ya wazazi watakunja uso. Wameshatuuliza: yawaje gazeti la familia ya Kiislamu lifundishe kutengeneza kikombe cha walevi? Swali hilo ni la haki, na tutalijibu kabla hatujashika msumeno. Kwanza, hata hivyo, tuwajue wenyewe hao wenye pembe.

Wanahistoria huanza kuhesabu zama za Waviking mwaka 793, walipoivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne katika pwani ya Uingereza, na huzifunga mwaka 1066. Walitoka Norwei, Denmaki na Uswidi. Wengine walipora, wengine walilima, na wengi walifanya biashara. Zile kofia zao zenye pembe mbili ni uzushi wa jukwaani. Aliyezieneza ni mchoraji wa mavazi Carl Emil Doepler, katika michezo ya Wagner iliyoonyeshwa Bayreuth mwaka 1876. Pembe ya kweli ya Mviking haikukaa kichwani bali mkononi, nayo ilikuwa na kinywaji.

Waislamu ni miongoni mwa watu wa mwanzo kuandika habari zao kwa macho. Mwaka 921 Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alipeleka ujumbe kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga, na katika ujumbe huo alikuwamo Ahmad ibn Fadlan. Huko, mwaka 922, aliwakuta Warusi wa zamani, ambao asili yao ilikuwa Skandinavia, wamekuja na bidhaa zao. Aliwafananisha na mitende kwa urefu wa miili yao, akasema hajapata kuona miili iliyotimia kama ile. Kisha akaeleza uchafu wao bila kuwahurumia, na jinsi walivyokunywa usiku na mchana hata mmoja wao huenda akafa kikombe kikiwa mkononi. Bidhaa zao ziliuzwa kwa dirhamu za fedha kutoka nchi za Kiislamu, na dirhamu hizo zilisafiri mbali: katika kisiwa cha Gotland, Uswidi, mwaka 1999 ilifukuliwa hazina ya Spillings yenye sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa na maandishi ya Kiarabu.

Pembe zenyewe hazikudumu ardhini. Mara nyingi kinachopatikana kaburini ni ukingo wa madini uliovishwa mdomoni na kifuniko kidogo cha nchani, vikiwa vimebaki peke yao baada ya pembe kuliwa na udongo. Lakini picha zipo. Katika mawe ya Gotland yaliyochorwa, mwanamke amesimama na pembe mkononi akimpokea mpanda farasi afikaye. Katika jamii ile, kumpelekea mgeni pembe ilikuwa heshima ya mwanamke wa nyumba, na yeye ndiye aliyejua nani atangulie kunyweshwa na nani afuate. Mabibi wa pwani waliowahi kusimamia sinia za karamu wataielewa kazi hiyo bila kuelezwa zaidi.

Pembe mashuhuri kuliko zote huko Denmaki pia ilipatikana na mwanamke. Mwaka 1639 msichana msuka lesi, jina lake Kirsten Svendsdatter, alijikwaa njiani karibu na kijiji cha Gallehus. Kilichomkwaza kilikuwa pembe ya dhahabu. Ilipelekwa kwa mfalme Christian wa Nne, naye akampa mwanawe, ambaye aliigeuza kuwa ya kunywea. Mwaka 1734 karibu na hapo hapo ikapatikana ya pili, fupi zaidi, yenye mstari wa maandishi ya kale ambamo fundi anajitaja jina na kusema kwamba yeye ndiye aliyeifanya pembe. Zote mbili ni za kama karne ya 5, yaani kabla ya Waviking wenyewe. Kisha usiku mmoja wa Mei mwaka 1802 sonara aitwaye Niels Heidenreich aliziiba katika hazina ya Copenhagen akaziyeyusha. Zinazoonyeshwa leo ni nakala. Dhahabu iliyostahimili chini ya udongo zaidi ya miaka 1,000 haikustahimili tamaa ya mtu mmoja mwenye deni na tanuri.

Turudi kwa wazazi wetu waliokunja uso. Katika mafunzo yetu liko jambo linalohusu suala hili hasa. Mtume, rehema na amani zimshukie, hapo mwanzo alikataza kutia kinywaji katika vyombo fulani vilivyozoewa na walevi, kama vile mabuyu na mitungi iliyopakwa, na baadaye akaruhusu vyombo vyote kwa sharti kwamba watu wasinywe kileo. Kwa hiyo katazo limebaki kwa kileo, wala si kwa umbo la chombo. Maoni yetu ni kwamba kijana anayetaka pembe kwa kupenda historia na ufundi aachwe aitengeneze, na itiwe maji ya mtungi. Kijana anayeitaka ili aigize ulevi mbele ya wenzake, hilo ni shauri jingine, nalo halitatuliwi kwa kumnyang'anya pembe.

Yako mambo mawili, hata hivyo, ambayo hatuyalegezi. La kwanza ni fedha na dhahabu. Wafalme wa kaskazini walivisha midomo ya pembe zao fedha iliyonakshiwa, kama zile zilizofukuliwa Sutton Hoo, Uingereza, mwaka 1939. Sisi tumekatazwa kunywea vyombo vya dhahabu na fedha, basi hata kama sonara wenu ni jirani na bei yake ni nafuu, ukingo wa fedha uacheni. Pembe iliyolainishwa vizuri haihitaji ukingo.

La pili ni pembe yenyewe imetoka wapi. Chukueni ya mnyama aliyechinjwa, aliyekaguliwa, mnayemjua. Msiokote pembe ya mzoga malishoni, hata ikiwa kubwa na nzuri. Achilia mbali suala la najisi. Ugonjwa wa kimeta hukaa katika mabaki ya mnyama aliyekufa nao, vijidudu vyake hudumu miaka mingi, na anayekwangua pembe hiyo huvivuta pamoja na vumbi. Pembe za nyati na wanyama wengine wa porini pia zisiingie nyumbani, kwani Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaadhibu vikali mtu anayepatikana nazo bila kibali. Na ikiwa pembe ni ya udhiya, kumbukeni kwamba hakiuzwi chochote katika mnyama huyo wala mchinjaji halipwi kwacho. Kuitumia pembe nyumbani kwa udhiya ya sunna hakuna neno. Iliyowekwa nadhiri yote ni ya maskini.

Sasa kazi.

Ng'ombe wa pwani yetu mara nyingi ana pembe fupi, nayo hutoa kikombe kisichozidi bilauri. Inatosha, na kwa mtoto ni bora kuliko kubwa. Wenye jamaa Uganda wanaweza kuletewa pembe ya ng'ombe wa Ankole, ambayo ni ndefu na pana hata mtu mmoja haimalizi. Itazameni pembe kabla ya kuichukua. Iliyopasuka kwa urefu haifai, wala iliyotobolewa na wadudu. Mwanzi mwembamba ukiingizwa ndani utawaonyesha uwazi unaishia wapi, maana ncha ya pembe ni nzima, haina tundu.

Pembe ya ng'ombe ni vitu viwili. Nje ni gamba la keratini, ndiyo hiyo hiyo ya kucha na nywele zetu. Ndani ni mfupa uliotoka katika fuvu, na kati yao ni utando mwembamba wenye damu. Utando huo ndio utakaooza na kunuka. Kuutoa mfupa kuna njia mbili. Njia ya subira ni kuizamisha pembe katika ndoo ya maji yenye kifuniko, mbali na nyumba, na kubadilisha maji kila baada ya siku kadhaa. Baada ya wiki mbili hadi nne mfupa hulegea wenyewe. Njia ya haraka ni kuichemsha kwa nusu saa hadi saa moja katika chungu kisichopikiwa tena chakula, kisha kuishika kwa kitambaa kinene na kugongagonga shina lake juu ya jiwe huku mnauzungusha mfupa. Ukikataa, rudisheni dakika chache tu. Pembe iliyochemka kupita kiasi hulegea ikapinda, na ikipoa hubaki na upogo wake. Chemsheni uani, siku ambayo upepo unaelekea baharini. Harufu yake hatutaieleza katika gazeti linalosomwa mezani.

Mfupa ukishatoka, osheni ndani kwa maji ya moto na sabuni, tieni mchanga mkavu wa pwani na vikokoto vichache, zibeni mdomo kwa kiganja, mtikise kwa nguvu. Kazi hii watoto huipenda. Suuzeni, rudieni hadi maji yatoke safi, kisha jazeni maji yenye siki kwa usiku mmoja. Asubuhi suuzeni tena na muiache ikauke kivulini siku mbili au tatu. Juani itapasuka.

Wakati huo inakauka, ijaribuni kwa maji ili kuona kama inavuja. Kisha ingizeni kurunzi ndani usiku na mzime taa. Pembe nyeupe itang'aa kama kioo cha fanusi, na mahali palipo pembamba mtapaona mara moja, hapo tupa isipaguse. Kufananisha na fanusi si kwa ajili ya uzuri wa maneno: huko Ulaya watu walipasua pembe zikawa vipande vyembamba wakavitia katika taa badala ya vioo.

Ukingo wa mdomo hukatwa kwa kuzungushia ukanda wa karatasi na kuchora mstari juu yake, la sivyo msumeno utaenda upogo. Tumieni msumeno wa chuma wenye meno madogo, na pembe ifungwe katika jiliwa ikiwa imezungushiwa kitambaa, au ishikwe na mtu mzima. Kateni pole pole. Pembe ikipata moto kwa msuguano hutoa harufu ya nywele zilizoungua, nayo ndiyo ishara ya kupumzisha mkono. Mdomo ukiwa wa mviringo mbovu, uzamisheni katika maji yanayochemka kwa dakika chache, sukumeni ndani kabari ya mti iliyochongwa mviringo, mmwagie maji baridi. Utakaa hivyo.

Nje huanza kwa tupa, kuondoa magamba na mikwaruzo ya malishoni, kisha msasa: namba 80, 120, 240, 400, na mwenye subira afike 600. Kuanzia namba 240 kazi iwe ya maji, ndipo vumbi litulie. Na hapa twasisitiza kwa mama wa nyumba. Vumbi la pembe ni jembamba, linaingia kifuani, na mwenye pumu hapaswi kuwa karibu. Kazi ifanywe nje, kwa barakoa, na nguo zilizovaliwa zisitundikwe chumbani. Tumeona nyumba ambamo tahadhari hii ilidhaniwa kuwa ya mafundi wa karakana tu, nao waliolala katika chumba hicho ndio waliokohoa. Mwisho, sugueni kwa kitambaa chenye majivu laini na mafuta kidogo ya nazi, au kwa dawa ya meno, hadi rangi za pembe zijitokeze. Mafuta yawe kidogo na yafutwe kabisa, kwa kuwa nazi ikichacha ndani ya mifereji ya pembe haitoki.

Nakshi mnaweza kuchonga kwa ncha ya sindano nene na kuipaka wino au masizi yaliyochanganywa na mafuta. Waviking walipenda wanyama waliosukana mikia na shingo. Nakshi za milango ya Lamu, majani na maua yake na minyororo yake, zinaizunguka pembe vizuri zaidi kwa macho yetu, lakini katika hili kila nyumba na ladha yake. Msichonge kwa kina. Kina kikubwa ni ufa unaosubiri siku yake.

Kilichobaki ni ndani. Pembe tupu hukipa kinywaji ladha ya kwato, nayo hunywa maji ikavimba. Mafundi wengi wa sasa huipaka nta ya nyuki. Tieni nta katika sufuria ndogo, na sufuria hiyo ndani ya nyingine yenye maji ya moto. Nta isiwekwe juu ya moto wenyewe, kwani hushika moto kama mafuta. Ipasheni pembe joto kwa maji ya moto, ikausheni kabisa, mimineni nta, izungusheni kwa haraka ifike kila mahali, kisha mwageni ziada. Pembe ikiwa baridi nta hushika mahali pamoja kama uji ulioganda, na itabidi mrudie. Tabaka moja jembamba hutosha.

Kwa sababu ya nta hiyo, chai, kahawa na uji wa moto haviingii humo kamwe. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, na chai yetu ya rangi imemiminwa ikiwa juu ya hapo. Kinachofaa ni maji ya mtungi yaliyofukizwa ubani, maziwa baridi, dafu, sharubati. Ukwaju na ndimu vinyweke na pembe ioshwe papo hapo. Mwenye kutaka kupamba kwa shaba aivishe chini ya mdomo, mahali pasipofikiwa na kinywaji, maana uchachu huyeyusha shaba ikaingia tumboni.

Kuna hila katika kunywa kwake. Ncha ikielekezwa juu moja kwa moja, hewa huingia ghafla mpaka nchani na maji yote humrukia mnywaji usoni. Ishikeni ncha ikielekea pembeni, na muizungushe taratibu kadiri inavyopungua. Tena pembe haiwekwi mezani; itaanguka. Kwa Waviking hiyo ndiyo ilikuwa maana yake: aliyeipokea aimalize au ampe mwenziwe. Mwandishi wa Aisilandi, Snorri Sturluson, aliyeandika yapata mwaka 1220, anasimulia katika hekaya zao za kipagani jinsi mungu wao Thor alivyopewa pembe katika jumba la jitu, akainywa mara tatu kwa nguvu zake zote, na kinywaji kikapungua kidogo tu. Baadaye akaambiwa kwamba nchi nyingine ya pembe ilikuwa baharini, na alichokipunguza ndicho watu wanachokiita maji kupwa. Hekaya ni hekaya, lakini wajukuu wanaoketi gatini wakitazama ngarawa zikilala matopeni wataifurahia.

Kwetu sisi, tunaofunzwa kunywa kwa mkono wa kulia, kwa vituo vitatu na bila kupumulia chomboni, chombo kisichoweza kuwekwa chini kina taabu yake. Kwa hiyo pembe yetu lazima iwe na kilalio. Kipande cha tawi la mwembe lenye panda, likikatwa sawa chini na kupigwa msasa, huishika vyema. Wengine hutumia kitanzi cha ngozi na kuitundika ukutani, na mwenye kupenda asili ya pwani atakumbuka kwamba pembe zetu za heshima, siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zilizo katika makumbusho ya Lamu, nazo ni pembe, ila hizo hupulizwa kwa ubavuni, hazinywewi.

Baada ya matumizi ioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, isiachwe ndani ya beseni, ikaushwe mdomo ukielekea chini. Isikae dirishani penye jua wala juu ya jiko. Wadudu wanaokula manyoya hula na pembe, basi ikiwa haitumiki kwa muda mrefu ifungwe kwa kitambaa pamoja na karafuu, na kila baada ya miezi michache ifunguliwe itazamwe. Nta ikionekana kupasuka au kubanduka, imwagieni maji ya moto itoke yote, mkaushe, mpake upya. Kipande cha nta cha ukubwa wa yai kitapaka pembe ndogo mbili, na kikibaki kitawafaa kwa uzi wa kushonea ngozi ya kitanzi.